Ndege Yetu ya Frigoliti

Katika milima yetu ya Masisi mtoto hangoji kununuliwa mchezo. Akipata waya, hukunja gari. Akipata maganda makavu ya migomba, hufunga mpira. Akipata gogo na vipande vya tairi, huchonga chukudu ndogo, na akikua huchonga kubwa, ambayo siku moja itabeba viazi na makaa mpaka Goma. Chombo hicho cha miti kimelisha jamaa nyingi, hata mji wa Goma umekisimamishia sanamu. Basi, mtu asishangae kusikia kwamba hapa Nyabiondo sisi, walimu wawili pamoja na vijana sita, tulichukua ndege ya watoto, ile ya bei ndogo ya kurushwa kwa mkono, tukaitia mota na kuiongoza kwa telekomandi. Twawaeleza habari hiyo kwa kuwa mikono yetu ilijifunza mengi, na kwa kuwa majirani walitufundisha jambo moja kubwa kuliko yote ya mikono.

Ndege hiyo ilitoka Goma ndani ya mfuko wa nailoni, vipande vitatu: mwili, bawa na mkia. Imefanywa kwa frigoliti, yaani lile povu kavu jeupe ambalo redio na televisheni hufungiwa ndani ya katoni ili zisivunjike njiani. Ni jepesi kwa sababu sehemu yake kubwa ni hewa iliyofungwa katika vitone vidogo. Toka ncha ya bawa moja hata ncha ya pili ni sentimeta 48. Tuliipima kwa mizani ya mnunuzi wa dhahabu, kwa maana katika njia ya Walikale mizani ya gramu haikosekani, nayo ikaonyesha gramu 47. Mayai mawili ya kuku wa kienyeji yaizidi uzito.

Siku nyingi hatukugusa mota. Tuliirusha tu kwa mkono asubuhi, kabla upepo wa milimani haujaamka, tukitazama inavyokwenda. Tukiirusha polepole, huanguka miguuni petu. Tukiirusha kwa nguvu mno, huinua pua na kupinduka. Tukiirusha kwa kadiri, huteleza juu ya hewa kama mtu anayeteremka mlima kwa chukudu bila kusukuma. Hiyo ndiyo siri ya bawa: likienda mbele kwa mwendo wa kutosha, huisukuma hewa chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Mota haiinui ndege. Kazi yake ni kuiendesha mbele tu, nalo bawa huinua.

Waliotutangulia walipita njia hiyo hiyo. Huko Udachi, Otto Lilienthal aliruka toka vilimani kwa mabawa yasiyo na mota tangu mwaka 1891, kama mara elfu mbili, mpaka alipoanguka na kufa Agosti 1896. Katika Marekani, ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliletewa na baba yao mwaka 1878 mchezo mdogo wa mwanzi, karatasi na mpira wa kuvutika, uliopaa mpaka darini. Watoto hao wakauita popo, wakajaribu kufanya mingine kama huo. Walipokuwa watu wazima walijenga ndege zisizo na mota mwaka 1900, 1901 na 1902, wakajifunza kuziongoza. Mwaka 1903 tu, tarehe 17 Desemba, waliruka kwa mota. Wazazi wanaotupa takataka za michezo ya watoto wao na wakumbuke popo yule.

Baada ya hayo tulitafuta viungo. Kupata vipya si rahisi kwetu, basi tuliomba vitu vilivyokufa. Fundi wa simu alitupa helikopta ya watoto yenye pangaboi nne, iliyovunjika mwili lakini mota zake zazunguka. Mfanyabiashara mmoja alitupa gari la mchezo mfano wa kifaru, ambalo huendeshwa kwa telekomandi yenye vipini viwili: kipini kimoja kwa mnyororo wa kushoto, kipini cha pili kwa mnyororo wa kulia. Tukafurahi sana, maana tuliona ndani ya kifaru hicho njia ya kuongoza ndege. Tukiweka mota moja katika bawa la kushoto na moja katika bawa la kulia, zote mbili zikizunguka ndege itapanda. Tukizima ya kulia, ile ya kushoto itaisukuma ndege igeuke kulia. Hapana haja ya kutia bawaba mkiani wala vifaa vingine vidogo vya bei kubwa.

Katika helikopta ya pangaboi nne, mbili huzunguka kama mshale wa saa na mbili huzunguka kinyume. Tulichagua moja ya kila namna, ili zisikubaliane kuipindua ndege upande mmoja. Betri yake ni ndogo kama kidole gumba, ya volti 3.7, nayo hujazwa kwa waya wake kutoka sola ya kuchajia simu. Betri za namna hii zataka heshima: usizitoboe, usizipige jua, usizijaze ukaenda kulala, na ikivimba kama tumbo la chura, hiyo imekwisha kazi, usiitumie tena.

Gundi nayo ina elimu yake. Gundi kali ya kubandika viatu hula frigoliti kama petroli iilavyo, na bawa likaliwa halina dawa. Kwa hiyo kila gundi tuliijaribu kwanza juu ya kipande kibovu, tukaingoja hata asubuhi. Gundi nyeupe ya seremala ilifaa, ingawa yakawia kukauka. Chini ya bawa tulichora mfereji mwembamba kwa ncha ya kisu, tukalaza humo ufito wa mwanzi uliopasuliwa, ili bawa lisijikunje linapobeba mzigo.

Ilipokwisha, tulirudi kwa mnunuzi wa dhahabu. Ndege yetu imekuwa gramu 84. Vijana wakahuzunika, wakidhani haitaruka kamwe. Hapo tukaingia katika sehemu iliyo ngumu na tamu kuliko zote, nayo ni mizani ya ndege yenyewe.

Kiwanda kilikuwa kimetia kipande cha chuma puani, ili pua isiinuke. Chuma hicho hakina kazi nyingine ila uzito. Tulikitoa, tukaweka betri mahali pake. Hivyo uzito wa lazima ukawa pia chakula cha mota. Kisha tuliisimamisha ndege juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa. Mahali pa kuishika ni kama theluthi ya upana wa bawa toka mbele. Mkia ukishuka, ndege ikirushwa itainua pua, itasimama hewani kama mtu aliyesahau aendako, kisha itaanguka. Pua ikishuka sana, itachoma ardhi. Tulisogeza betri mbele kwa upana wa punje ya mahindi, tukairudisha nyuma kwa upana wa punje ya mtama, mpaka ikatulia vidoleni. Kijana mmoja alisema, “Kumbe mzigo si mbaya, mahali pake ndipo patafutwe.” Akina mama wanaobeba ndizi kwa ukanda wa kipaji cha uso wangemwambia hayo zamani, kama angaliuliza.

Ndege ikawa tayari. Lakini hatukuirusha, na hapa ndugu wasomaji mtuvumilie, kwa maana habari yenyewe yaanza sasa.

Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha toka Goma ndege zake za kwanza zisizo na rubani, zisizo na silaha, za kupeleleza tu. Miaka ikapita, zikaja nyingine zisizo za kutazama tu. Februari 2024 shambulio la droni liliharibu ndege ya kiraia katika uwanja wa ndege wa Goma. Mwaka 2025, vita vilipoenea Masisi na kufika Walikale, watu wengi milimani walijifunza kutambua mlio wake, kama mlio wa nyuki mkubwa asiyeonekana. Wengi wetu tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Sasa sisi twataka kurusha juu ya vichwa vya watu kitu chenye mlio wa namna hiyo hiyo!

Tuliwaendea wazee, tukaiweka ndege mbele yao juu ya mkeka. Waliigusa, wakacheka wepesi wake. Kisha mama mmoja akasema, “Walimu, mimi siwakatazi kufundisha. Lakini mtoto wangu wa mwisho akisikia sauti ya namna ile juu, huingia chini ya kitanda, akakaa huko hata giza. Nitamwambia nini ajue kwamba hii ni ya mchezo?”

Hatukuwa na jibu la upesi. Kijana mmoja akasema tuondoe mota, tuirushe kwa mkono tu, wote wafurahi. Mwingine akajibu kwamba hofu itabaki pale pale, kwa sababu mtoto yule hataona kamwe kinacholia ni nini. Wazee walisikiliza pande zote mbili. Mwishoni mzee mmoja aliweka masharti: Ndege isibebe kamera wala kitu chochote. Ipakwe rangi ya kuonekana mbali. Irushwe katika kiwanja cha mpira tu, asubuhi, mbali na njia na vizuizi. Tupate ruhusa ya wakubwa wa mahali kwa maandishi. Watu wote watangaziwe siku mbili kabla. “Na kwanza kabisa,” alisema, “watoto waisikie ikiwa chini.”

Tukafanya hivyo. Tuliipaka nyekundu na manjano, rangi nyembamba, maana rangi nayo ni uzito. Siku ya Alhamisi tuliwakalisha watoto duara, tukaifungua, tukawaonyesha betri, waya na mota. Kisha kila mtoto aliyetaka aliigusa telekomandi na kuisikia ikilia katika mikono yake mwenyewe. Mtoto yule wa mama yetu alikaa nyuma sana. Wenzake walipokwisha, alikuja, akaibonyeza mara moja, akaachia. Akabonyeza tena. Alikuwa yeye anayeiamuru ilie, na yeye anayeiamuru inyamaze. Hakusema neno.

Jumamosi ilirushwa. Mara tano bila mota, ili tuone imenyooka. Mara ya sita kwa mota zote mbili. Ilipanda polepole, maana milimani hewa ni nyembamba kuliko pwani na bawa lataka mwendo zaidi. Tulizima ya kulia, ikageuka kulia. Tukazima ya kushoto, ikarudi. Telekomandi hii haifiki mbali, kama hatua sitini, basi ilizunguka juu ya kiwanja mara tatu, kwa muda wa dakika nne, ikashuka katika maharage ya jirani na kukwaruza pua. Watoto walipiga kelele hata mbuzi wakatimka. Yule mdogo hakukimbia. Alishika kikwembe cha mama yake kwa mkono mmoja, akaifuata ndege kwa macho mpaka ikatua.

Hatudai kwamba hofu yake imekwisha. Mama yake asema bado usiku huamka. Lakini sasa huuliza, “Ni ile ya walimu, au ni nyingine?” Na swali hilo ni zito, kwa sababu vitu virukavyo si vya namna moja. Ng'ambo ya mpaka, katika Rwanda, tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zilipeleka damu kwa hospitali za mbali toka Muhanga. Huishusha kwa mwavuli wa karatasi, nazo zaendeshwa kwa betri, na ngozi yao ya nje ni povu, ndugu wa frigoliti yetu. Katika Tanzania, mwaka 2018 palikuwa na majaribio ya kupeleka dawa toka Mwanza hata kisiwa cha Ukerewe, kilometa 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi. Mama wa Masisi anayevuja damu katika uzazi, na barabara imekatwa na matope, angependa kusikia mlio huo ukija. Kitu kile kile, povu na betri na mota mbili. Mikono inayokituma ndiyo tofauti, na watu walio chini wana haki ya kuijua mikono hiyo.

Kwa hiyo twawaomba ninyi walimu na wazazi, mahali popote palipo na utulivu wa kutosha, msiwanyime vijana kazi kama hii. Itawafundisha hesabu, saburi na kutunza vitu vilivyovunjika. Anzeni bila mota. Jaribuni gundi juu ya kipande kibovu. Tafuteni mizani kwa vidole. Na kabla hamjaitia betri, piteni kwanza nyumba kwa nyumba, mkibisha hodi, ndege ikiwa mkononi, mtu yeyote apate kuishika.