Bweranyange, na Usalama wa Mgeni Njiani

Wasomaji wetu wengi wajua Karagwe kwa kahawa yake na migomba yake. Walakini si wengi wajuao ya kuwa pale Bweranyange palikuwa zamani na mji wa kifalme uliosifiwa na wasafiri wa bara. Basi mwezi huu twapenda kuwachukua hata huko, tupate kuangalia jambo moja tu, nalo ni usalama. Kwa nini mahali pengine mgeni hulala usingizi mzito, na mahali pengine hata mwenyeji huiogopa njia mchana?

Nchi hii ni ya vilima virefu vyenye majani, na mabonde kati yake, na maziwa madogo. Hapo ndipo alipokaa Omukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Tarehe 25 Novemba 1861 walifika kwake Waingereza wawili, Speke na Grant, waliotoka Unguja kutafuta chanzo cha mto Nile. Walikuwa wamesafiri zaidi ya mwaka mzima, na taabu zao zilikuwa nyingi. Karibu kila mtemi aliwadai hongo ya nguo na shanga na waya kabla ya kuwapisha. Mwezi wa Septemba mwaka ule, watu wa mtemi Myonga waliuvamia msafara wa Grant, wakateka mizigo, na wapagazi wakatawanyika. Hata katika Usui, nchi ya Suwarora, hongo ilikuwa nzito, na usiku wezi waliizunguka kambi.

Lakini walipovuka mpaka wa Karagwe, mambo yaligeuka. Speke aliandika ya kuwa mtu wa Rumanyika alikuja kuwalaki, akawaambia kwamba katika nchi hii wageni hawatozwi hongo, na ya kuwa wakuu wa vijiji wameamriwa kuwapa chakula kwa gharama ya mfalme. Kisha Grant akaugua mguu, hata asiweze kutembea. Mwezi wa Januari 1862 Speke alishika njia ya Buganda, naye Grant akaachwa kwa Rumanyika mpaka Aprili. Tulitafakari neno hili. Mtu yule yule aliyenyang'anywa mizigo mwezi wa Septemba alikaa hapa miezi kadha wa kadha, mgonjwa, asiyeweza kukimbia wala kupigana, na bado akaondoka salama.

Je, ni mikuki ya Rumanyika iliyomlinda? Mikuki aliyo nayo Rumanyika, hata Myonga alikuwa nayo. Tofauti ni hii: katika Karagwe palikuwa na mtu mwenye jina, katika kila kijiji, aliyejua ya kuwa ataulizwa habari za mgeni. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Pale mithali hii ilifanywa kuwa amri.

Wala tusidhani mji ule ulikuwa peponi. Rumanyika mwenyewe alikuwa amepigania enzi na ndugu yake Rogero, akisaidiwa na wafanyabiashara. Na biashara ya pembe siku zile ilikwenda pamoja na biashara ya watumwa. Stanley, aliyefika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina yenye mikuki na sanamu za madini za mabata na ng'ombe. Lakini Rumanyika alipokufa, jamaa zake waligombania kiti, amani ikavunjika. Usalama unaotegemea neno la mtu mmoja huzikwa pamoja naye.

Mkoa huu ulijaribiwa tena karibu na siku zetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24, yapata watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, na makambi yakafunguliwa Ngara na Karagwe. Wengi wao walikuwa watu wenye kuhitaji msaada, akina mama na watoto. Si haki kuwaita wote wanyang'anyi. Walakini vita vya nchi jirani vilileta na bunduki, na katika mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi majambazi waliwavizia wasafiri. Kwa miaka mingi mabasi yalingojana, yakapita pamoja yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Mwaka 2019 mapori hayo yalifanywa kuwa hifadhi ya taifa, Burigi-Chato.

Askari wa njiani ni wa lazima. Lakini askari hawezi kulala katika kila ua. Kwa ajili hiyo, miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu, na mwaka 1989 sheria iliwatambua. Walirudisha mifugo mingi iliyoibwa. Hata hivyo, mahali pengine walipiga watu kwa kudhaniwa tu, na vikongwe waliotuhumiwa uchawi wakateswa. Ulinzi usioulizwa habari zake hugeuka kuwa hofu nyingine.

Tena wako wapimao usalama kwa hesabu: makosa mangapi kwa kila watu 100,000. Hesabu hiyo yafaa, lakini huhesabu yale tu yaliyopelekwa polisi. Mke apigwaye akanyamaza hamo ndani yake. Wala mjane aliyeibiwa mbuzi akaogopa kusema. Kijiji chenye daftari tupu chaweza kuwa kijiji cha amani, au kijiji cha watu waliozibwa vinywa.

Basi, ninyi wenye nyumba na ninyi waalimu, kipimo tunachowaletea kutoka Bweranyange ni swali moja: akiingia mtu asiye na ndugu katika mtaa wetu, ni nani atakayeulizwa habari zake? Jirani na ajue jina la mpangaji mpya. Mwizi akikamatwa, apelekwe kwa serikali ya kijiji na kwa polisi, asiachiwe kundi lenye mawe. Mtoto na afundishwe kuisema siri inayomwumiza, na mkubwa aliyeambiwa asiifiche. Mambo haya hayahitaji mfalme. Yahitaji kila nyumba ikubali kuulizwa.