Chini ya maji baridi ya Simon's Town

Ami yangu alikuwa mzamiaji wa jongoo bahari katika kijiji chetu cha Mkinga, kaskazini ya Tanga. Siku moja, yapata miaka 14 iliyopita, alipanda juu kutoka kilindini, akanywa chai yake chomboni, na kabla mashua haijafika pwani miguu yake ikafa ganzi. Tangu siku ile hajatembea bila ya magongo. Wazee walisema amekanyaga makazi ya jini mwambani. Mimi nilikuwa kijana, nimo likizoni kutoka chuo cha dini, nikaona fahari kuitwa kumsomea. Nilimsomea kwa siku tatu. Siku ya nne ndipo tulipompeleka hospitali.

Nayatanguliza haya ili msomaji ajue kwamba safari ninayoisimulia haikuwa ya matembezi matupu. Mdogo wangu anaishi Afrika Kusini, na kazi yake ni kujaza mitungi ya hewa katika duka moja la wazamiaji. Mwaka jana alinipigia simu, akasema: "Kaka, ugonjwa wa ami una jina huku, na kila mzamiaji hufundishwa jina hilo siku ya kwanza. Njoo usikie kwa masikio yako." Nikaomba ruhusa kwa kamati ya msikiti, nikafunga safari mwezi wa Julai.

Simon's Town ni mji mdogo wa bandari, kiasi cha kilomita 40 kusini ya Cape Town, katika ghuba iitwayo False Bay. Njia ya reli huufuata ukingo wa bahari hata ukahisi kwamba mawimbi yatarukia dirishani. Hapo ndipo ilipo ngome ya jeshi la wanamaji la nchi ile. Jirani, katika ufuo wa Boulders, wanaishi pengwini, ndege wa bahari wasioruka, ambao waliweka makazi yao hapo tangu mwaka 1982.

Lakini kilichonigusa kwanza ni msikiti. Umesimama kwenye mteremko wa mlima, juu ya barabara kuu, na mnara wake unaonekana kutoka mbali. Waislamu wa Rasi wengi wao ni kizazi cha watu walioletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Mashariki ya Mbali, baadhi yao wakiwa watumwa na baadhi wafungwa wa kisiasa. Wengi wao wanafuata madhehebu ya Imam Shafi, kama sisi watu wa pwani. Mwaka 1967 serikali ya ubaguzi wa rangi iliutangaza mji ule kuwa wa Wazungu peke yao. Maelfu ya wakazi walihamishwa kwa nguvu, wengi wao wakapelekwa Ocean View, nyuma ya milima. Nyumba zikapata wenyewe wengine, lakini msikiti ulibaki. Nilisali Ijumaa mle ndani, na huko pia Kibla kiko upande wa kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Nilijihisi niko Tanga, isipokuwa meno yalikuwa yakigongana kwa baridi.

Baridi hiyo ina sababu zake. Kwetu bahari hufuata kaskazi na kusi, na hata Julai maji huwa karibu nyuzijoto 25. Huko, upande wa magharibi wa Rasi, upepo wa kusini-mashariki wa majira ya kiangazi huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo jambo la ajabu hutokea: jua likiwa kali na watu wakiwa wamejaa ufukoni, maji ya Atlantiki huweza kushuka hadi nyuzijoto 10 au chini yake. Maji hayo huwa safi, na wazamiaji huyafuata wakati huo. Upande wa False Bay mambo ni kinyume. Upepo ule ule huivuruga ghuba wakati wa kiangazi, na majira ya baridi, upepo unapotoka kaskazini-magharibi, milima huikinga, bahari ikatulia na maji yakatakata. Mzamiaji wa Rasi, kama nahodha wetu wa zamani, hutazama upepo kabla ya kutia mguu majini.

Siku ya kwanza nilifundishwa katika bwawa la kuogelea. Mkufunzi, mtu mzima asiyependa mzaha, alinipa kanuni chache akanitaka nizikariri kama mwanafunzi wa madrasa. Usizuie pumzi hata mara moja, kwa kuwa hewa iliyofungiwa kifuani hutanuka mtu anapopanda na huweza kupasua mapafu. Usizamie peke yako. Tazama kipimo cha hewa kabla hujaambiwa. Panda taratibu, usivipite viputo vidogo vya pumzi yako. Na kabla ya kutoka, simama dakika tatu kwenye kina cha mita 5.

Nikamwuliza sababu ya kusimama. Akachukua chupa ya soda, akaitikisa, akaifungua kwa haraka. Povu likamwagika. Akachukua nyingine, akaifungua polepole, na soda ikabaki ndani. Akaniambia kwamba kila mita 10 za maji huongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Chini ya uzito huo, naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi huingia katika damu na nyama za mwili. Mtu akipanda polepole, hutoka kwa pumzi. Akipanda kwa haraka baada ya kukaa sana kilindini, hugeuka viputo ndani ya mwili, na viputo vikiupiga uti wa mgongo, miguu hufa. Tiba yake ni kumpa mgonjwa oksijeni mara moja na kumfikisha katika chumba maalumu cha shinikizo, na kila saa ina thamani yake.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hatukutazamana.

Asubuhi ya pili tulikwenda majini. Suti ya mpira ya huko ni nene, milimita 7, ina kofia, glavu na viatu, na maji kidogo yanayoingia ndani hupashwa joto na mwili wenyewe. Kwa kuwa inabana, nilivaa juu yake bukta pana iliyovuka magoti, kwa ajili ya kusitiri. Mkufunzi aliikagua, kwani hofu yake ilikuwa kitambaa kunasa majini, kisha akaikubali. Nawaeleza hili wazazi wanaouliza kuhusu vijana wao. Masuala ya mavazi, hasa kwa mabinti, yaulizwe kwa wanazuoni mapema, wala yasiachwe hadi ufukoni. Tulipanga pia tumalize kabla ya Adhuhuri, maana kuivua suti ile kwa ajili ya udhu si kazi ya dakika mbili.

Maji yalikuwa nyuzijoto 14. Kitu cha kwanza nilichohisi ni paji la uso kuuma kama limepigwa kwa kijiti. Kisha pumzi ikawa fupi na ya haraka. Mkufunzi alinishika mkono, akanionyesha kwa ishara nipumue polepole, nami nikawa nahesabu tasbihi moyoni hadi kifua kilipotulia.

Nilipofumbua macho vizuri, nilikuwa msituni. Mwani wa huko si kama ule unaolimwa kwetu kwa kamba. Wenyeji huuita mianzi ya bahari: shina lina uwazi ndani, mizizi imekumbatia mwamba, na kichwa kina hewa inayoyainua majani hadi juu ya maji, mita nyingi kutoka chini. Mwanga ulishuka kati ya majani yale kama unavyopenya dirisha la msikiti alfajiri. Viti vya pweza vyekundu na vya rangi ya machungwa vilikuwa vimeganda mwambani. Papa mdogo mwenye mistari mirefu mwilini alilala chini ya jiwe, asitujali. Sili mmoja alitupita, akageuka kututazama, akaenda zake. Nimefundisha tafsiri kwa miaka kadhaa, na aya zinazotaja bahari nimezisoma mara nyingi nikiwa juu ya mkeka. Sikuwa nimezisoma nikiwa nao viumbe hao mkono kwa mkono.

Kisha tukaanza kupanda. Kwenye mita 5 mkufunzi aliinua kiganja, tukasimama tukiwa tumeshika shina la mwani. Dakika tatu. Nilikuwa natetemeka, na kila kiungo changu kilitaka kutoka. Hapo ndipo nilipomwona ami. Alikuwa akizama mara nyingi kwa siku, bila ya saa wala kipimo, bila ya kufundishwa na yeyote, kwa sababu mfanyabiashara aliyewapa mitungi alihesabu majongoo tu. Hakuwahi kuambiwa habari za dakika tatu.

Sikatai kuwepo kwa majini, wala sipuuzi kisomo, kwani dua ni silaha ya muumini. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mola wake. Mimi nilisoma dua na kumwacha ngamia bila ya kamba kwa siku tatu. Sijui kama hospitali ingemrudishia miguu yake. Najua kwamba mimi ndiye niliyesema tusubiri.

Niliporudi nilikwenda Mkinga moja kwa moja. Ami alikuwa barazani anashona wavu. Nikamweleza yote: soda, viputo, mita 5. Kisha nikamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, sindano ikiendelea kwenda na kurudi.

"Kwa hiyo hakuwa jini," alisema.

"Hakuwa, ami."

"Nimemwogopa bure miaka yote hii." Akaukata uzi kwa meno, kisha akanitazama. "Na hawa vijana wanaozama sasa, umekwisha waambia?"

Sikuwa nimewaambia. Ijumaa iliyofuata, baada ya Sala, kamati ilinipa nafasi. Nilipanda mbele na chupa mbili za soda. Watu wazima wengine walicheka. Vijana sita waliokaa safu ya nyuma, ambao nawafahamu kwa kazi yao, hawakucheka. Mmoja wao alinifuata nje akaniuliza mita 5 zinapimwaje. Tulitafuta kamba, tukaifunga fundo.