Mfahamu Mick Ronson, mtu aliyesimama pembeni ya David Bowie

Kuna picha maarufu ya Juni 1972, imepigwa Oxford, Uingereza. David Bowie kapiga magoti mbele ya mpiga gitaa wake, anang'ata nyuzi kwa meno. Bowie kila mtu anamjua. Ila yule jamaa mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu na nguo za kumeremeta, wengi wanampita tu.

Anaitwa Mick Ronson, mzaliwa wa 1946, kakulia Hull. Mwanzoni mwa 1970 muziki ulikuwa umemgomea, akawa mtunza bustani wa manispaa. Siku anafuatwa akapige na Bowie, alikutwa anachora mistari ya uwanja wa raga!

Yeye na wenzake wa Hull mwanzoni hawakutaka kabisa kung'aa vile na kupaka wanja. Mji wa wavuvi na makuli ule, mwanaume unaanzia wapi? Wakaja kukubali, mashabiki wakapagawa.

Lakini Ronson hakuwa mavazi tu. Utotoni alisoma piano na fidla. Ile midundo ya nyuzi inayopanda kwenye Life on Mars? ya 1971, aliyeipanga ni yeye. Mwaka uliofuata yeye na Bowie wakawa maprodyuza wa albamu ya Lou Reed, Transformer. Piano ya Perfect Day ni vidole vyake.

Sasa uchungu uko hapa. Mtunzi wa wimbo anakula mirabaha miaka yote. Aliyepanga vyombo analipwa kazi yake, imeisha hiyo. Nyimbo zile zilisajiliwa kwa majina ya Bowie na Lou Reed. Bendi ilikuwa ya mshahara, halafu wakaja kugundua mpiga piano aliyeingia juzi anawazidi pesa kwa mbali. Julai 3, 1973, London, Bowie akatangaza jukwaani kuwa hiyo ndiyo shoo ya mwisho. Wa besi na wa drams walisikia pamoja na mashabiki.

Ronson akajaribu kuwa staa mwenyewe 1974, haikushika. Akarudi pembeni, akapiga na Ian Hunter, akazunguka na Bob Dylan.

1991 akakutwa na saratani ya ini. Aprili 20, 1992, uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury, yule mtoto wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka mmoja na yeye, Ronson alipanda na ugonjwa wake akapiga tena na Bowie. Alifariki Aprili 29, 1993, ana miaka 46.

Hull walikuja kumjengea jukwaa la kumbukumbu. Ni heshima, sawa. Ila wapiga vyombo mnaowabeba mastaa, andikishianeni kabla ya kuingia studio. Sifa inaweza kukufuata hata kaburini, mirabaha haiji kama jina halipo kwenye karatasi.