Hamburg, mji ambamo hata treni ndogo huchakaa

Ukifika Hamburg, Ujerumani, na watoto, wapeleke Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu yaliyohifadhi kahawa na viungo. Humo mapacha Frederik na Gerrit Braun walifungua Miniatur Wunderland mwaka 2001. Treni ni ndogo mara 87 kuliko za kweli, lakini kuchakaa hakukupunguzwa, maana zinakimbia kutwa.

Kwanza huisha vipira vinavyovishwa magurudumu yasiteleze, halafu brashi za kaboni za mota. Gia nazo hulika meno: mota inanguruma, kichwa cha treni hakisogei. Dawa ni kukifungua, kufuta grisi kuukuu na kubadili gia pamoja na ile inayosagana nayo, kwani gia mpya ikikutana na iliyolika huisha upesi. Kisha tone la mafuta. Moja tu! Yakizidi huvujia relini, na umeme haupiti vizuri.

Mwanangu wa miaka tisa, ambaye kitu kikiharibika hukisukumia uvunguni, aliuliza kama treni aliyoachiwa na marehemu babu yake nayo hufunguka. Tulinunua vipira. Gia tutaitafuta.