Samaki Mmoja, Boom la Siku Nzima

Nimepotea kidogo, mnisamehe. Likizo inaendelea, niko nyumbani Mandewa hapa Singida, na upepo wa huku ndo usiseme.

Leo nataka tuongelee hela. Kuna sehemu duniani unalipwa kwa kuvua samaki ambaye hatakiwi. Humuuzi sokoni wala humli. Unampeleka kituoni, wanamhesabu, unalipwa. Mwanzoni nilijua ni stori za kijiweni zilizoongezwa chumvi. Nikafuatilia, kumbe ni kweli kabisa.

Mambo yako Marekani, majimbo ya Washington na Oregon, kwenye mito ya Columbia na Snake. Samaki mwenyewe anaitwa pikimino. Kosa lake ni kwamba anakula vifaranga vya samoni, na samoni kwa watu wa kule ni chakula, ni biashara, na kwa wenyeji wa asili ni karibu kitu kitakatifu. Samoni anazaliwa juu mtoni, anashuka baharini kukulia, halafu anarudi mtoni kuzaa. Pikimino anamvizia njiani akiwa bado mdogo. Basi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaweka zawadi: leta pikimino mwenye inchi 9 au zaidi, chukua chako.

Viwango vya misimu ya karibuni viko hivi: samaki 25 wa kwanza ni dola 6 kila mmoja, kuanzia wa 26 hadi wa 200 ni dola 8, ukivuka hapo ni dola 10. Ukibahatika kupata mwenye alama maalumu iliyowekwa na wataalamu, huyo peke yake ni dola 500. Sasa wale wenzangu wa boom tupige hesabu. Hela yetu ya kujikimu ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Dola 6 ni kama elfu kumi na tano hivi. Yaani samaki mmoja, tena wa bei ya chini, anazidi boom la siku nzima! Na mwaka 2023 mvuvi aliyeongoza alivuka dola 100,000 kwa msimu mmoja.

Lakini ngoja kwanza kabla hamjaanza kutafuta ndoano. Msimu ni kuanzia Mei mosi hadi mwisho wa Septemba, miezi mitano tu. Ili ufike dola 100,000 kwa bei ya dola 10, unahitaji samaki kama 10,000. Hiyo ni zaidi ya samaki 65 kila siku, bila Jumapili, bila kuumwa, na unavua kwa ndoano tu, nyavu haziruhusiwi. Kila siku unajiandikisha kituoni kabla ya kuvua, na samaki unamleta mzima mzima, siyo kichwa wala mkia. Wanaofika huko juu ni wachache mno. Kwa hiyo ni kazi kama kazi nyingine, tena ya jasho.

Hilo la kuleta samaki mzima lina sababu. Mwaka 1902 kule Hanoi, wakoloni wa Kifaransa waliwalipa watu kwa kila mkia wa panya. Mikia ikaja maelfu kwa maelfu, wakubwa wakafurahi. Baadaye mitaani wakaonekana panya wasio na mikia wanatembea zao. Watu walikuwa wanakata mkia na kumwachia panya akaendelee kuzaa! Wengine wakaanza kufuga kabisa. Ukilipia mkia utaletewa mkia, panya utabaki naye.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Pikimino siyo mgeni. Ni samaki wa asili wa mito ileile, ameishi na samoni miaka na miaka, anakula kidogo, maisha yanaendelea. Kilichobadilika ni mabwawa ya umeme. Maji yaliyokuwa yanakwenda kasi yakatuama, vifaranga vya samoni vikawa vinachelewa kushuka, na vikitoka kwenye mitambo vimechoka na kupigwa bumbuwazi. Pikimino kakuta meza imeandaliwa, kala. Nani asingekula? Na hela za zawadi zinatoka kwa Bonneville Power Administration, shirika la serikali linalouza umeme wa mabwawa hayohayo. Angalau hapo kuna haki kidogo, aliyefaidika na bwawa ndiye anayelipa. Wala hawataki kummaliza huyu samaki. Lengo ni kupunguza wakubwa wao kwa asilimia 10 hadi 20 kila mwaka, basi.

Huku kwetu mfano wa karibu ni sangara wa Ziwa Victoria. Huyu kweli ni mgeni, aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, akawafyeka furu mpaka aina nyingi zikatoweka. Hakuna aliyetoa zawadi kwa kichwa cha sangara. Soko ndilo lililolipa: viwanda vikajengwa Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu wakaanza kuonekana tena. Lakini sasa huyo mharibifu ndiye ajira ya watu, na sheria inakataza kuvua sangara wadogo wasiofika sentimita 50. Adui kageuka mtaji. Ndo ujue hela ikishaingia, hata maana ya neno "mharibifu" inabadilika.

Na sisi Singida je? Samaki wa Singidani na Kindai hatuna ugomvi nao, wale ni kitoweo. Wetu ni kweleakwelea. Mzazi analima mtama na uwele, ndege wanashuka kama wingu, watoto wanaacha shule wakaamie shambani. Kuna mshkaji kapendekeza halmashauri ilipe kwa kila kichwa cha ndege. Nimelifikiria sana na sioni likienda. Kundi moja linaweza kuwa na ndege mamilioni, na leo wako hapa, kesho wako mkoa mwingine. Hela ingekwisha kabla ya ndege. Kondoa watu wanawatega kwa nyavu na kuwala, na mimi naona hiyo ina akili zaidi, kwa sababu haihitaji mtu wa kuhesabu vichwa.

Kwa sisi tunaosomea ualimu, darasani tumefundishwa habari za motisha na uimarishaji mpaka tumekariri. Mtoto akifaulu mpe zawadi. Lakini ukilipia alama utaletewa alama, kwa njia yoyote ile, hata kwa kuangalizia. Ni mkia wa panya uleule. Halafu yupo yule mtoto anayeitwa msumbufu, anasinzia, anafeli. Kabla sijamwita mharibifu nataka nijue nani alijenga bwawa: labda ametoka kuamia ndege tangu alfajiri, labda darasani wako mia na kitu na yeye yuko nyuma kabisa.

Ajira za ualimu mnajua wenyewe zilivyo, kaka na dada zetu wako mtaani na vyeti vyao. Wangepewa hata huo mto wangevua, na nisingewalaumu. Ila mimi bado nataka kufundisha, na nikipata hilo darasa, nitaanza kwa kuuliza nani ameamka saa ngapi.

Haya wadau, tukutane chuo kikifunguliwa. Mwenye kweleakwelea wa kukaanga asinisahau.