Usifomati Kabla ya Kuvuna

Kila wiki kuna mtu ananiuliza natumia kamera gani. Mwingine anauliza lenzi, mwingine programu ya kuhariri. Hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza natumia memori kadi gani. Siwalaumu, mimi mwenyewe singeuliza. Mpaka Desemba 2023, wakati kitu kidogo kuliko kiberiti kilinifanya nikae siku mbili bila kumwangalia babangu usoni.

Wacha nianze na nyumbani. Sisi ni wa Ndara, hapa chini ya milima ya Sagalla, si mbali na Voi. Ng'ambo ya reli na barabara kuu ya Mombasa kuna Tsavo Mashariki. Kama umewahi kupita na treni ya SGR, labda uliwaona ndovu dirishani, ukapiga picha, ukafurahi. Sisi tunawaona usiku, ndani ya mahindi. Tunategemea sana mvua za vuli, na mahindi, kunde na ndengu zikianza tu kuwa za maana, wakubwa wanafika. Kule Mwakoma kuna majirani ambao mashamba yao yamezungushiwa ua wa mizinga ya nyuki, kwa sababu ndovu anaogopa nyuki. Shamba letu halina mizinga. Letu lina dungu, bati la kugonga, na baba.

Mimi na baba tulikuwa na mambo yetu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Mbuzi walikuwa wameuzwa kwa ajili ya ile karo, na mimi narudi nyumbani na begi la kamera nikisema nitajitegemea na kontenti. Hakunifokea. Aliacha tu kuuliza. Nikitoka asubuhi anasema, "Haya, mwenye mapicha," halafu anaendelea na jembe lake. Afadhali angefoka, bana.

Sasa, Ijumaa moja hiyo Desemba, ndovu walikuwa wameingia kwa jirani usiku uliotangulia. Jioni baba akanijia. "Leo usilale. Uje na hiyo kamera yako."

Ilikuwa mara ya kwanza aniombe hiyo kamera. Na alikuwa na sababu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia kwa mimea iliyoharibiwa na ndovu, lakini madai lazima yathibitishwe. Baba hakutaka mtu aje kumwambia eti labda ni ng'ombe.

Walikuja saa nane usiku. Saba, mmoja mdogo. Mimi niko juu ya dungu, mikono inatetemeka, baba anamulika na tochi na mama anagonga bati kule nyumbani. Nilirekodi dakika 22. Picha ilikuwa na chenga kwa sababu ya giza, lakini kila kitu kilionekana: walipoingilia, idadi yao, mahindi yakilala chini kama yamekatwa na panga. Walipoondoka baba akaniuliza, "Umewapata?" Nikamwambia, "Wote, baba." Akanipiga bega. Nililala kama mfalme.

Hapo ndipo kadi inaingia kwenye hadithi, kwa sababu nilikuwa na moja tu.

Kwa nini moja? Ya pili nilikuwa nimeinunua kibandani Mombasa, shilingi mia sita, imeandikwa gigabaiti 128. Niliitia kwa kamera, kamera ikasoma 128. Nikaenda nayo kurekodi mechi ya mtaani, mpira mzima. Kufika nyumbani, dakika kama kumi za kwanza ziko sawa. Zilizobaki, majina ya mafaili yako, ndani hakuna kitu. Ile kadi kwa ukweli ilikuwa ya gigabaiti nane. Ndani ya kila kadi kuna chipu inayoiambia kamera ukubwa wa kadi, na matapeli huipanga ili idanganye. Kamera inaamini tu. Nafasi ya kweli ikiisha, kinachofuata kinapotea hewani ama kinaandikwa juu ya kile cha kwanza, na wewe unaona taa nyekundu inawaka ukidhani kazi inaendelea.

Kwa hivyo kadi mpya, hata uipende vipi, ipime kwanza. Kuna programu za bure. Kwa Windows kuna H2testw, kwa Linux na Mac kuna F3. Zinafanya kitu kimoja: zinaijaza kadi mpaka pomoni, halafu zinasoma zote tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Inachukua muda. Iache ikipima ukila ugali.

Na ukienda kununua, usisome ile namba kubwa tu. Kadi inaandikwa 170 ama 200 mbele, na mara nyingi hiyo ni kasi ya kusoma, yaani kutoa vitu kwenye kadi kwenda kwa laptopu. Mtu wa video anataka kujua kasi ya kuandika isiyoshuka. Tafuta alama ndogo: herufi V na namba. V30 inaahidi angalau megabaiti 30 kila sekunde, V60 sitini, V90 tisini. U ikiwa na 3 ndani ni hiyo hiyo 30, na C yenye 10 ndani ni kumi. A1 na A2 zinahusu kuendesha programu kwa simu, zisikutoe pesa kama unanunulia kamera.

Hesabu si ngumu. Kamera yangu ikirekodi 4K inatumia megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa nane, unapata megabaiti 12.5. Kwa hivyo V30 inanitosha na inabaki. Mtu akikuambia bila V90 huwezi kuanza, muulize kama atakulipia. Kwa saa moja hizo megabaiti zinafika karibu gigabaiti 45, kumaanisha kadi ya 64 inanipa kama saa moja na dakika ishirini. Kama kamera yako ni ya zamani, angalia pia kama inasoma kadi za zaidi ya 32, kwa sababu kuna zile zinazoishia hapo.

Hayo yote nilikuwa nimeshayajua ile Ijumaa. Baada ya ile kadi feki nilinunua moja ya kweli, gigabaiti 64, na nikajiambia nitaongeza ya pili nikipata pesa. Pesa ya kwanza iliyoingia, malipo ya awali ya harusi, nikanunua lenzi. Lenzi watu wanaiona. Nani ameshawahi kusifiwa kwa sababu ana kadi mbili?

Harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi, Voi mjini, yaani asubuhi ya ule usiku wa ndovu. Saa tisa usiku nilichomeka kadi kwa laptopu nihamishe video ya baba. Stima hazikuwepo tangu jioni, na betri ilikuwa inakaribia kuisha. Nikaona ile mistari ya kuhamisha inatembea, nikasinzia. Laptopu ilizima katikati, sikujua. Asubuhi nikaiwasha kwa bi harusi, nikaona folda ipo, faili lipo na jina lake. Sikulifungua. Boda ya vifaa ilikuwa inangoja kwenda kanisani.

Pale kanisani, bi harusi akiwa karibu kuingia, kamera ikaandika kwamba kadi imejaa. Video za asubuhi nilikuwa nimezihamisha tukiwa kwa kina bi harusi, na hizo nilizifungua moja moja, nikatazama mwanzo na mwisho, kwa sababu ni za mteja. Za babangu nilidhani ziko. Nikaingia kwa menyu, nikafomati. Kamera iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Jioni nikafungua lile faili. Halichezi. Hapo nikajua nimechoma picha, na safari hii si msemo.

Wengi hatuelewi kufomati kunafanya nini, kwa hivyo nieleze vile nilivyoelewa usiku huo. Chukulia kadi ni eneo la mashamba, na kuna daftari kwa ofisi ya chifu linaloonyesha nani analima wapi. Ukifomati kwa njia ya kawaida, kamera inachana lile daftari na kuanza jipya, tupu. Mimea bado imesimama shambani. Ndiyo maana inamaliza kwa sekunde chache. Ukigundua wakati huo kwamba umekosea, toa kadi, usirekodi hata sekunde moja, halafu tumia programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure. Haihitaji daftari. Inatembea shamba kwa shamba ikitambua mimea kwa sura yake, na mara nyingi utapata kitu. Lakini ukishaanza kurekodi, kamera inagawa ardhi upya na trekta inapita juu. Mimi nilikuwa nimerekodi ibada nzima, picha za familia na keki. Kadi ilijaa tena. PhotoRec ilifanya kazi mpaka asubuhi ikaniletea keki.

Jumapili nikamwendea baba. Alikuwa anasimamisha mahindi machache yaliyobaki.

"Baba, ile video haiko."

"Haiko vipi?"

"Niliifuta nikidhani nimeihamisha."

Akanyamaza kidogo. "Na ya harusi?"

"Iko."

Akasema, "Sawa." Akarudi kwa mahindi yake.

Mvua ilikuwa imenyesha Jumamosi mchana, nyayo zimejaa matope. Madai yalipelekwa na picha tatu kutoka kwa simu ya mama, zilizopigwa baada ya mvua. Mambo ya fidia ni hadithi ya siku nyingine. Kilichoniuma ni kwamba mzee aliniamini na kitu kimoja, na kazi ya mgeni niliihakiki, yake nikaidhania.

Siku ya tatu nilimweleza yale ya daftari na trekta. Si kujitetea, nilitaka tu ajue. Alisikiliza hadi mwisho akasema, "Yaani ulilima kabla ya kuvuna." Ndiyo, baba. Hiyo ndiyo maana ya kufomati kabla ya kuhakikisha, na walimu wote wa YouTube hawakunieleza hivyo.

Kwa hivyo hizi ndizo sheria zangu sasa, chukua unayotaka. Kabla ya kununua lenzi, nunua kadi ya pili. Nne za 64 ni afadhali kuliko moja ya 256, kwa sababu moja ikikuangusha, haiendi na kila kitu. Nunua kwa mtu ambaye kesho utampata dukani, na uipime hata kama ni binamu yako.

Fomati ndani ya kamera utakayotumia, si kwa laptopu, kwa sababu kamera inajua folda zake zinavyokaa. Usihamishe kadi kutoka kamera hii hadi ile bila kuifomati. Usikae ukifuta video moja moja ili upate nafasi. Hamisha zote, kisha fomati. Na usichomoe kadi taa ikiwa bado inawaka.

Halafu ile kubwa. Hufomati mpaka video iwe sehemu mbili ambazo si kadi, kwangu ni laptopu na diski ya nje, na mpaka umezifungua na kuzitazama. Kuona jina la faili si kuona video. Kadi iliyojaa kwangu naigeuza uso chini ndani ya kijaluba chake, na nasukuma kile kifungio kidogo cha ubavuni ili isiandikike. Kadi iliyo uso chini haiguswi, hata bi harusi awe mlangoni. Atangoja. Ama nitumie ya pili, kwa sababu sasa ninayo.

Msimu uliofuata ndovu walirudi, na baba hakuniomba kamera. Nilipanda dungu mwenyewe. Asubuhi, kabla sijanywa chai, nikamkuta amesimama mlangoni kwangu na panga mkononi.

"Umevuna?"

Nikafungua laptopu, nikamwekea video. Akavuta kigoda, akaitazama yote, dakika kumi na nne, bila kusema neno. Kisha akataka aone na ile ya kwenye diski.