Kabla hujaunganisha kompyuta na runinga, panga madirisha yako

Leo siandiki habari za mbolea wala viwavijeshi. Naandika jambo ambalo zamani nisingedhani bwana shamba wa Mchombe angeliandikia makala: namna ya kupanga madirisha ya kompyuta mpakato ukiiunganisha na skrini ya pili, iwe monita ya ofisini au runinga ya ukutani. Kama wewe ni katibu wa kikundi, mhasibu wa AMCOS, mwenye duka la pembejeo au mnunuzi wa mpunga unayetunza hesabu kwenye kompyuta, soma mpaka mwisho. Kosa nitakalolieleza nililifanya mimi, lakini aliyelipa gharama yake ni mtu mwingine.

Ilikuwa baada ya mavuno. Kikundi kimoja ninachokihudumia kiliomba mafunzo ya kuhifadhi mpunga na kuuza kwa wakati. Hali yetu unaijua: mpunga ukishaanikwa tu, magari yanajaa kijijini, kila nyumba ina shida ya fedha, na bei inakuwa ya chini kabisa. Nilitayarisha jedwali la bei za miezi yote kutoka kwenye rekodi za kikundi chenyewe, ili watu waone kwa macho yao faida ya kungoja. Tuliazima kibanda umiza, kile tunachoangalizia mpira, chenye runinga kubwa. Nikachomeka waya wa HDMI, picha ikatokea ukutani, watu wakapiga makofi.

Katikati ya somo mzee mmoja akauliza bei ya msimu wa nyuma zaidi. Faili yake ilikuwa imefunikwa na nyingine. Nikalishusha jedwali la bei, na nyuma yake likabaki wazi daftari la madeni ya mbolea, ambalo asubuhi ile nilikuwa nalipitia na katibu. Majina yote yalikuwemo, na kiasi, na rangi nyekundu kwa waliochelewa. Mimi nimeinamia kibodi natafuta faili, ukutani sitazami. Kilichonishtua ni ukimya. Kisha kijana mmoja wa nyuma akasoma jina kwa sauti, akasoma na deni lake, wenzake wakacheka.

Jina lilikuwa la mama aliyekaa benchi la mbele. Wiki mbili kabla alikuwa amekuja kutueleza mimi na katibu, faraghani, kwamba mumewe amelazwa Ifakara na fedha ya mbolea imeishia kwenye matibabu na nauli. Tulikubaliana angoje, auze mpunga bei ikipanda, ndipo alipe. Siku ile alikaza kanga yake, akasimama, akatoka bila kusema neno.

Jioni nilikwenda kwake.

"Hodi hapa."

"Karibu, bwana shamba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimekuja kuomba radhi kwa yale ya mchana. Sikukusudia."

Aliendelea kupeta mchele. Baadaye akasema, "Deni ni langu, silikatai. Lakini nilikuambia wewe. Sikuuambia ukumbi."

Kesho yake aliuza magunia manne kwa mnunuzi wa kwanza aliyepita, kwa bei ya siku hiyo, tena kwa lumbesa, akampelekea katibu fedha yote. Basi nilikuwa nimekwenda pale kufundisha watu wasiuze mapema, na kwa dirisha moja lililokaa mahali pasipofaa nikamfanya mtu auze mapema.

Tangu siku hiyo nimejifunza kupanga madirisha kama ninavyofundisha kupanda kwa mstari. Haya ndiyo niliyojifunza. Maelezo ni ya Windows 10 na Windows 11, ndizo ninazokutana nazo zaidi huku.

Kwanza, amua skrini ya pili ifanye nini

Shikilia kitufe chenye alama ya Windows, kile kilicho upande wa chini kushoto wa kibodi karibu na Alt, kisha bonyeza P. Yatatokea machaguo manne. La kwanza linatumia skrini ya kompyuta peke yake. La pili, lililoandikwa Duplicate, linaonesha kitu kilekile pande zote mbili. La tatu, lililoandikwa Extend, linaifanya skrini ya pili kuwa uwanja mwingine wa kuongezea. La nne linazima skrini ya kompyuta na kubakiza ya nje.

Kosa langu lilikuwa kwenye chaguo la pili. Ukiwa hapo huna siri: kila unachofungua, mwenye benchi la nyuma anakisoma nawe. Chaguo la tatu ni kama duka lenye chumba cha stoo. Bidhaa za kuuza ziko mbele, daftari la mikopo liko nyuma, na mwenye duka anaona kote. Kwa mkutano wowote wenye orodha za watu, tumia la tatu.

Pili, iambie kompyuta skrini ipi iko wapi

Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, chagua Display settings. Utaona visanduku viwili, 1 na 2. Kama runinga iko kushoto kwako, kivute kisanduku chake kikae kushoto. Usipofanya hivyo utasukuma kipanya kulia na kishale kitaibukia kushoto, watu wakutazame ukihangaika.

Hapohapo, chagua kisanduku cha kompyuta yako na uifanye iwe skrini kuu. Hili usiliruke. Taarifa za ujumbe hutokea kwenye skrini kuu. Ukiacha runinga ndiyo iwe kuu, mtu akikutumia ujumbe wa WhatsApp kuhusu jambo la nyumbani, kikao kizima kitausoma kabla yako. Ukiweza, zima kabisa taarifa hizo mpaka kikao kiishe.

Tatu, kila dirisha lipewe jaruba lake

Kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto hulipeleka dirisha lijaze nusu ya kushoto ya skrini. Mshale wa kulia hulipeleka kulia. Njia hii ilikuja na Windows 7 mwaka 2009 na mpaka leo inafanya kazi. Ukiongeza kitufe cha Shift, yaani Windows, Shift na mshale, dirisha linaruka zima kutoka skrini moja hadi nyingine. Kwenye Windows 11, Windows na Z huleta ramani ndogo za mpangilio. Unachagua nusu kwa nusu, au robo nne, unajaza.

Faida si mikutanoni tu. Katibu wetu alikuwa akipokea mpunga ghalani kwa dirisha moja kufunika jingine: orodha ya wanachama juu, rekodi ya mzani chini, malipo chini zaidi. Kila gunia likipimwa anapindua madirisha mara mbili tatu. Siku moja aliandika kilo za mtu mmoja kwenye mstari wa jirani yake, na kuzitafuta kulituchukua mchana mzima na maneno makali juu. Sasa ana monita ya mtumba mezani. Kwenye kompyuta iko rekodi ya mzani peke yake. Kwenye monita, orodha ya wanachama kushoto, malipo kulia. Anahamisha macho, madirisha hayahami. Na mwanachama anayepokelewa mzigo anakaa upande ambao anaona mzani tu, malipo ya wengine hayaoni.

Kwa wanaotumia Excel: kuanzia toleo la 2013 kila faili hufunguka kwenye dirisha lake, hivyo unaweza kuiweka moja huku na nyingine kule. Ila usiweke bei na madeni kwenye faili moja kwa kurasa mbili. Kubofya vibaya mara moja tu kunatosha. Faili ya kuonesha watu iwe faili ya kuonesha watu, na ya madeni ikae mbali, tena imefungwa wakati wa kikao. Mpangilio wa madirisha ni ukuta, lakini faili iliyofungwa ni mlango wenye kufuli.

Nne, umeme ukikatika

Hapa kwetu hili ni lazima tuliseme. Umeme ukikatika, runinga inazimika lakini kompyuta mpakato inaendelea kwa betri. Mara nyingi kompyuta inaona skrini ya pili imeondoka, basi inayasomba madirisha yote na kuyarundika kwenye skrini yake. Umeme ukirudi, kwenye Windows 10 unaweza kuyakuta yamebaki yamerundikana, na wewe kwa haraka ya kuendelea na kikao ukaburuta lisilo lake kwenda ukutani. Windows 11 ina dawa: kwenye Display settings, sehemu ya Multiple displays, kuna visanduku viwili vya kuweka alama ya tiki. Kimoja kinaikumbusha kompyuta kila dirisha lilikaa wapi skrini inaporudi. Kingine kinayashusha chini madirisha yaliyokuwa kwenye skrini iliyoondoka. Weka tiki vyote viwili.

Kwa toleo lolote, umeme ukirudi usianze kuburuta kitu. Chomoa kwanza waya wa HDMI. Panga madirisha yako kwa utulivu, funga yasiyohusika, ndipo uchomeke tena, kisha Windows na P kuhakikisha bado uko kwenye chaguo la tatu.

Tano, dirisha likipotea

Wakati mwingine unafungua faili, jina lake linaonekana chini, lakini dirisha halionekani popote. Limebaki kwenye skrini ambayo haipo tena au imezimwa. Usizime kompyuta. Shikilia Alt na ubonyeze Tab mpaka ulichague dirisha hilo, kisha Windows, Shift na mshale. Likikataa, bonyeza Windows na P, chagua la kwanza, na kila kitu kitarudi kwenye kompyuta.

Jambo la mwisho ni la sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Jina la mtu pamoja na deni lake, namba yake ya simu au habari za ugonjwa wake ni taarifa binafsi. Aliyekupa amekukabidhi, hajakuruhusu uitangaze. Hili linamhusu mwenye duka lenye daftari la mikopo kama linavyonihusu mimi.

Mkutano uliofuata nilimwomba yule mama ruhusa kwanza, kisha nikasimama mbele ya kikundi nikasema kosa lilikuwa langu na kwamba yeye alikuwa ndani ya makubaliano, hakuwa mkaidi. Kijana aliyesoma jina alimfuata baadaye akamwomba radhi kwa heshima. Mumewe amekwisharudi nyumbani. Magunia manne hayakurudi. Miezi michache baadaye bei ilipopanda nilipiga hesabu ya alichopoteza, nikaona aibu kuiandika hapa.

Kwa hiyo, kabla ya kikao chochote, fanya hivi. Fika mapema. Unganisha waya, panga madirisha, fungua utakachoonesha na ukishushe, uone nyuma yake kuna nini. Halafu acha kompyuta, nenda ukakae wanapokaa watu, utazame ukuta kama mgeni. Mimi hukaa benchi la mbele, pale alipokuwa amekaa yeye.

Ukikwama, ilete kompyuta yako ofisi ya kata. Tutaipanga pamoja.